Mti wa Baba na Mgeni wa Kaskazini

Jumatatu, 24 Desemba 2018

Hauke, mpenzi wangu, anafika kesho kutoka Hamburg. Baba ameshatoa hukumu: Hauke akiusifu mti wa Baba bila kuambiwa, karibu nyumbani. Asipousifu, asirudi! Na mimi nimekatazwa kumdokeza. Hapa Augsburg hata mtoto anajua: ukisifu mti wa Krismasi wa mtu, lazima akumiminie kinywaji kikali. Kwao Hauke hawana habari. Na Baba ni mtunza kanisa, mti anaojivunia ni ule wa kanisani, kando ya altare. Shangazi Walburga anacheka tu. Eti yule niliyemleta mwaka juzi aliusifu mara nne, akatoka amebebwa. Shangazi bwana!

Namtaka huyu. Basi.

Jumanne, 25 Desemba

Kafika. Kala bata bukini, kaongeza. Baba kauzungumzia mti wake wa kanisani, Hauke hata hajauulizia. Nikamkanyaga mguu chini ya meza — akaniomba radhi. Yeye!

Jumatano, 26 Desemba

Naandika nyuma ya nguzo. Kanisani tuko sisi tu. Hauke amezoea makanisa meupe, matupu. Hili letu la kibaroko ni dhahabu kila kona, malaika wanono wananing'inia mpaka darini. Kashangaa weee. Kisha akauliza, "Mzee, hawa wote anawafuta vumbi nani?"

Baba akavimba kichwa. "Mimi! Kila mmoja, hadi makalioni."

Nikashusha pumzi. Mapema mno — wakafika kwenye mti. Shangazi akatoa glasi kwenye mkoba, hana hata aibu. Baba mkono ndani ya koti, kwenye chupa. Sema mzuri, Hauke. Neno moja tu, jamani!

"Nyota imepinda," akasema.

Mungu wangu. Shangazi akarudisha glasi mkobani. Nimekwisha mimi.

Baba akakodoa macho juu. "Imepinda wapi?"

"Kushoto. Ngazi iko wapi, Mzee?"

Ngazi ile Baba hampi mtu, hata paroko. Akaenda kuileta mwenyewe! Sasa Hauke yuko juu, Baba kaishika kwa mikono miwili, anafoka, "Kulia kidogo! Umelala?" Ndivyo anavyonifokea mimi.

Hauke kashuka. Anautazama mti, anapangusa mikono. Hajausifu. Wala hana dalili!

Baba keshafungua chupa —