Nzuri ni Salamu

Vijaya, siamini. Nimetoka kwa Mama Ngokolo sasa hivi.

Unajua 1979 alikuwa mpiga chapa wa utafiti pale chuo cha madaktari. Wagonjwa waliohudumiwa na wanafunzi waliulizwa, "Habari za wanafunzi wetu?" Wote wakajibu, "Nzuri." Mkubwa wake, daktari mwenye utafiti, akafurahi, eti wanafunzi wamefaulu.

Mama akamwambia, "Nzuri ni salamu, daktari, siyo jibu. Huku hata anayekufa huanza na nzuri."

Akajibiwa, "Salvina, kazi yako kupiga chapa."

Kupiga chapa, Vijaya.

Leo kanionyesha ripoti yenyewe. Ukurasa wa kwanza, chini ya jina la yule daktari: "Nimegundua kuwa nzuri ni salamu, siyo jibu."

Nimegundua.

Nikamuuliza Mama alijua lini kuwa kaibiwa maneno yake.

"Siku ileile, mwanangu. Niliichapa mwenyewe."