Bado, kwa Kiingereza

Mbeya, Mei 1956

Kwa mume wangu Muharami, huko Iringa,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, baridi tu ndiyo inatutesa. Mchele wa Ubaruku uliotuletea mtamu kweli.

Kiingereza naendelea nacho. Siku za mwanzo memsabu anayetufundisha aliniuliza kama nina mtoto. Nikamjibu, "Bado." Akasema kwa Kiingereza nijibu "no". Nikakataa katakata! Nikamwambia, kwetu mke wa mtu hasemi hana, anasema bado. Hilo "no" lao linafunga mlango. Akacheka, akanifundisha "not yet". Nikalishika siku ile ile, maana mama mkwe miaka yote hii ananitazama tumbo.

Jana memsabu aliniuliza tena, mazoezi tu. Nikasimama, nikasema, "Not yet," kicheko kikanishinda, mkono uko tumboni. Akaelewa, akanikumbatia mbele ya wenzangu wote. Nisamehe, amejua kabla yako.

Mkunga anasema Desemba. Watu huko wakikuuliza kama una mtoto, waambie bado, lakini waambie ukicheka.

Mkeo,
Waridi