Mimi pia nilizaliwa ng'ambo

Bwera, Jumanne, Mei 2015. Mvua tangu alfajiri. Kifua kinanibana, naandika kidogo kidogo.

Nina hasira.

Leo Masika, mjane wa mwanangu, amenyimwa kitambulisho cha taifa mara ya pili. Ndiye anayenipikia uji na kuniogesha. Ofisa amemwambia arudi kwao Kongo.

Kwao ni hapa. Baba yake ni mtu wa Bwera. Mama yake alivuka mto wa mpakani kwenda kujifungulia kwa bibi, upande wa Kasindi, Kongo, maana kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa mikononi mwa bibi mzaa mama. Kisha wakarudi nyumbani. Masika ameulizwa alizaliwa wapi, akasema kweli.

"Afande, mutoto anachagua kwenye anazaliwa?" alimuuliza.

"Hiyo ni hadithi, mama. Lete ushahidi."

Watu kwenye foleni wakacheka. Mmoja akamnong'oneza, "Dada, si ungesema Bwera kama sisi?"

Wiki jana alikuja kijana wa shirika fulani, anakusanya simulizi za watu ili kupinga sheria hii inayomnyima kitambulisho aliyezaliwa ng'ambo. Alimuuliza Masika habari za waasi na kukimbia usiku. Masika akamwambia hakukimbia chochote, alirudishwa nyumbani mgongoni mwa mama yake. Kijana akazima kinasa sauti, akaaga.

Hilo linaniudhi kuliko ofisa. Simulizi ya machozi inaleta huruma, na huruma inaiacha sheria palepale. Hii ya kawaida ndiyo inayoonyesha kwamba sheria haina akili.

Sasa niseme langu, kabla sijafa.

Mimi pia nilizaliwa ng'ambo, kwa bibi yangu, vilevile. Nilificha shuleni nilikofundisha, nikaficha kanisani, hata mume wangu hakujua. Niliogopa kuitwa Mkongo. Nilipoulizwa mwaka jana, nikajibu Bwera, na ofisa akaniita mwalimu, akanipa kiti, na karatasi nikapata.

Alhamisi nitabebwa kwa bodaboda hadi palepale alipokataliwa Masika, niyaseme haya mbele ya mwenyekiti wa kijiji na foleni nzima. Wakitaka ushahidi, ni mimi.

Nimemweleza Masika. Hakufurahi.

"Mama, bakikunyang'anya yako, tutakuwa wawili bila karatasi. Nani atamuombea mwenzake?"

Tangu jioni najiuliza: wale waliocheka, wangapi kati yao bibi zao wako ng'ambo?