Mkono Nilioinua Kuelekea Jua

Ijumaa. Vumbi tangu asubuhi, na jua linachoma hata humu ndani ya boma la Mdachi.

Naandika pole pole, herufi kubwa kubwa kama kwato, maana nilifundishwa uzeeni kule misheni. Lakini naandika. Wangapi wa rika langu wanaweza?

Nimefungiwa kwa sababu ya mkono wangu wa kulia.

Juzi alfajiri yule Mzungu anayepima njia ya reli alisimama mbele ya tembe yangu, akaniuliza mwenyewe kwa Kiswahili chake: "Mzee, maji?" Nikamjibu kama ninavyomjibu msafiri yeyote. Nikainua mkono upande wa mashariki, nikasema, "Jua likiwa pale." Yaani nilimwonyesha saa, si njia: utafika mapema, kabla halijapanda sana. Njia yenyewe ya kisima cha Zuzu, magharibi, alikuwa amesimama juu yake, imekanyagwa na ng'ombe wa nchi nzima. Nani huuliza njia anayoikanyaga?

Akaufuata mkono. Mashariki! Akazunguka porini mchana kutwa, punda wake akafa kwa kiu, akarudi midomo imepasuka, akaniita mwongo.

Mimi, niliyewaongoza wapagazi wa pembe mpaka Tabora na kurudi!

Mkalimani wake ni Mnyamwezi, mtani wangu. Siku ile alikuwa nyuma na mizigo. Leo kaja mlangoni anacheka.

"Shikamoo babu. Nyie Wagogo, hata jua mnaliingiza kwenye uongo!"

"Marahaba, mbeba mizigo wewe. Umemweleza?"

"Nimemweleza. Anasema mkono ni mkono. Kesho kwenye shauri sema uzee umekuzidi, umesahau kisima kiliko, uende zako nyumbani. Ukibisha, kiboko."

Nisahau kisima? Mimi?

Tangu aondoke nazunguka tu chumba hiki, ukuta huu na ule. Nikisema nimesahau, nani ataniuliza njia tena? Nikisema kweli, nitachapwa, na ngozi ya mgongo haijui sifa.

Naogopa. Hili simwambii mtu.

Nimeamua. Kesho sitasema nimesahau. Nitaomba wanifunge kamba kiunoni, nitangulie mpaka Zuzu, huyo Mzungu achote maji kwa kiganja chake mwenyewe. Wakikataa, basi wapige.

Je, nitaweza kunyamaza chini ya kiboko? Enzi za ujana ningejibu ndiyo bila kufikiri.