Kadi Isiyokwama

Jumamosi, jioni

Leo nimekwenda dukani kuagiza kompyuta mpya. Prosesa haikunisumbua, wala RAM. Keisi nimechagua yenye taa za bluu, maana mdogo wangu Ayubu ndiyo aliyoitaka. Mchana mimi nihariri video za harusi, usiku yeye acheze gemu. Ndivyo tulivyopanga, kabla ya ile ajali ya pikipiki njia ya Galula.

Muuzaji hakujua. Akauliza, "Pedi za gemu mbili, kaka?" Nikasema mbili. Mdomo ulitangulia. Nikamwambia aandike moja, halafu nikamwambia afute hata hiyo.

Kisha akaleta kadi ya video, ile ya kuendesha picha. "Ukiwa na hii, kompyuta haikwami hata kidogo." Nikamkasirikia bure, mtu wa watu.

Mama ananipigia kila siku kutoka Nanyala: "Mwanangu, video ya mazishi ya mdogo wako bado?" Namjibu kompyuta inakwama. Si uongo. Nilirekodi mwenyewe, kwa kamera yangu ya kazi, na kila nikiihariri mashine inagoma palepale: jeneza liko juu ya kaburi, wanaume wameshika kamba. Nazima, nashukuru, halafu naona aibu kushukuru.

Nikamwambia muuzaji aiondoe ile kadi.

"Kaka, bila hii itakwama kama ya zamani."

"Iache ikwame."

Mama atapiga tena kesho baada ya ibada, na sijui nitamwambia nini. Kwenye kompyuta yangu, Ayubu bado hajashushwa.