Mlango Uliohamia Upande wa Mtaro

Ghorofa ya tatu, mlango wa mwisho,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu na za Mama. Hujambo? Kile kifua kilichokuwa kinakusumbua kwa baridi kimetulia? Wifi na watoto hawajambo? Nauliza kwa moyo mweupe, kwa hiyo zifurahie salamu hizi, maana huko mbele ni moto mtupu.

Sisi tu wazima, isipokuwa magoti ya Mama. Hajakanyaga ardhi tangu siku ile aliposhushwa kwa kiti kwenda hospitali, akaapa kwamba hatabebwa tena ngazini kama kabati. Anachosubiri ni ile nyumba ya chini tunayomjengea ng'ambo ya bonde, atoke nje kwa miguu yake, achote maji bombani, agombane na majirani apendavyo. Hayo unayajua. Nakukumbusha kwa sababu sasa ujenzi umesimama, na aliyeusimamisha ni wewe.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa kuwa kwenye simu hunikatiza kila ninapofungua mdomo. Karatasi huwezi kuikatiza.

Darubini ilifika salama na mazagazaga yake yote: miguu mitatu, lenzi za kuchungulia za kila namna, na kile kipande kilichopinda kama kiwiko, chenye kioo ndani, ili mtu atazame bila kuinama. Ulisema ni ya kumliwaza Mama pale dirishani. Nilifurahi, nikakuombea dua. Kumbe ulimnong'oneza pia awe macho yako kule kiwanjani, kwani dada yako ni mwepesi wa kuzugwa na mafundi. Mama hajui kuficha jambo. Alinieleza siku hiyohiyo akinywa chai. Iliniuma sana. Mimi ndiye ninayetoka kwenye tanuri la mikate na unga kwenye nyusi, nikapitia kiwanjani kwa Fundi Kimya kuangalia ujenzi kabla sijarudi kupika. Wewe umetuma mrija na vioo.

Ulimwelekeza Mama afunge lenzi iliyo kali kuliko zote. Sasa sikiliza matokeo yake. Mchana mabati yakishika moto, lenzi ile inaufanya ukuta ucheze kama nguo kambani, na Mama akasema fundi ameupindisha. Tena inaukuza ukuta mpaka huoni kingine chochote, si bomba, si mtaro wa majitaka. Katika ukuta huo akauona mlango uko mkono wa kushoto, ambako ni upande wa mtaro, ilhali tulikubaliana uwe kulia karibu na bomba. Akakupigia simu analia.

Nilikwambia mlango uko sawa. Nilikwambia nimeishika fremu yake kwa mkono huu. Ukanijibu, "Mama ameona kwa macho yake. Wewe huyo fundi amekulisha nini?" Maneno hayo sijayameza mpaka leo, na usidhani nitayameza.

Kisha, nikiwa kazini, ukampigia fundi mwenyewe, ukamfokea auhamishe mlango, la sivyo aache kazi. Yule mtu jina la Kimya hatukumpa kwa utani. Hakubishana na wewe. Alibomoa kazi ya mikono yake, akaziba pale, akatoboa upande wa pili, akakusanya vyombo vyake akaondoka. Mama akachungulia, akauona mlango uko kulia, akapiga makofi. Mimi nilipopita jioni nilikuta mlango unafungukia mtaroni, na harufu imeshatangulia kuhamia sebuleni.

Nilipanda ngazi damu inachemka. Sikumgombeza Mama. Niliielekeza darubini kwenye kibao cha duka la vifaa vya ujenzi kule mwisho wa barabara, nikamwambia asome. Hakuweza. Herufi zote zilikuwa zimegeuka, kama zinavyogeuka kwenye kioo cha kujitazamia.

Ni kile kiwiko chako. Nilimuuliza muuza miwani wa mtaani, akacheka mpaka akavua miwani yake. Anasema kipande hicho ni cha kutazamia nyota, nazo hazigombani nani yuko kushoto. Kwa kutazama vitu vya ardhini mchana hufungwa kipande kingine, chenye prizimu, yaani kioo kinene cha pembe, kinachoonyesha kila kitu upande wake, na lenzi isiwe kali. Ungeuliza dukani ungeambiwa hayo. Lakini wewe huulizi, wewe unaamuru.

Nilimfuata Fundi Kimya kwake. Alinipa kigoda, akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Dada, nilijua navunja mlango ulio sawa. Ndugu yako hakuniuliza hata neno moja. Aliyenifokea ndiye anipigie." Kwake, hayo ni hotuba.

Kwa hiyo usiniletee prizimu, wala usinitumie maelezo. Mpigie. Mvua zikianza kabla hajarudi, mtaro utafurika hadi ndani, na Mama ataendelea kuitazama nyumba yake kutoka dirishani.

Nilipomrudishia Mama maneno ya fundi, alikiweka chini kikombe chake cha chai. Halafu akaniambia niwaite tena wale wapagazi wa kiti. Mchana huu anashushwa ngazi zote, yeye aliyeapa, anakwenda kumwomba fundi radhi mlangoni kwake. Ninapoandika hapa ameshavaa viatu. Wewe hakuna anayekutaka ushuke hata ngazi moja. Ni kuinua simu tu.

Msalimie wifi, wabusu watoto, na yule binamu yetu dereva mwambie tunamkumbuka. Mungu akulinde huko uliko, akuongezee riziki, na akupe masikio.

Ni mimi nikupendaye hata nikiwa nimevimba hivi,
Dada yako mkubwa.