Panga la Mashoto

Shianda,
16 Oktoba 1994

Mama mpendwa,

Mulembe. Natumaini umeamka salama na kwamba kikohozi kimepungua sasa mvua ikipumzika. Sisi huku tunajikokota. Mkwe wako Osiako yuko zamu ya kiwandani, anakusalimu sana. Kitindamimba wangu ana malaria, ndiyo sababu sikuja mwenyewe, nimemtuma wifi yangu Risper. Mama, isome barua hii ukiwa umeketi, na uisome mwenyewe. Usimpe mdogo wangu Muhonja akusomee, na Baba Shikanga asiwepo. Utasema Navalayo ameanza vituko vyake. Laiti vingekuwa vituko!

Mwezi uliopita alifika sokoni mzee mmoja, fundi wa chuma. Alichimba kishimo kando ya kinu cha posho, akatega mvukuto wake wa ngozi, akaanza kugeuza springi za malori makuukuu kuwa majembe na mapanga. Akiulizwa jina, anasema fundi inatosha. Akiulizwa kwao, anauliza kama panga ni la miwa au la kuni. Watu wa soko nao hawakosi la kusema: huyu ametoroka jela, huyu ni mchawi, mbona hali chakula cha mtu? Lakini kazi yake, mama! Panga la dukani hukunjika kwenye muwa mgumu. La yule mzee linapita kama linakata obusuma, ugali wa moto.

Nami nikaenda kuagiza la kukatia mbegu za miwa. Sikuongea naye zaidi ya hapo, na malipo nilimpa kwa mkono wa kulia, kwa adabu, ulivyonifunza kwa kiboko. Nilipolichukua na kukata muwa wa kwanza, nilishtuka. Unajua mapanga yote huninyima raha, yanavuta pembeni kwa sababu yamenolewa kwa watu wa mkono wa kulia. Hili lilikuwa limenolewa upande wangu. Nani alimwambia mimi ni mashoto?

Badala ya kushukuru, nilipandwa na hasira. Nilidhani ananichungulia shambani. Nikarudi sokoni mbio na panga mkononi, watu wakinipisha, nikamuuliza mbele ya kila mtu anatafuta nini kwa mke wa mtu.

Alimwagia moto maji, akaniomba tusogee nyuma ya kinu. Huko akaniambia alikuwa na binti aliyechapwa sana kwa kula kwa kushoto, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimnyang'anya mamake kile kiboko. Halafu akaniita Bibi Kushoto.

Ni baba, mama. Baba yetu, yule yule.

Alifungwa Uganda wakati wa vita. Alipotoka alirudi mpaka Malava, karibu na nyumbani, akasikia kwa muuza chumvi kwamba tulingoja tukachoka, wazee wakamzika: shina la mgomba ndani ya sanduku, tukanyoa nywele, nawe ukarithiwa na ndugu yake, Baba Shikanga. Mila yetu unaijua. Aliyezikwa haingii tena langoni, akiingia anakuja na vifo. Akageuka pale pale. Hana kinyongo na mtu, alisema. Miaka yote hiyo amekuwa akizunguka soko hadi soko na nyundo yake. Nilimlilia na kumtukana kwa pumzi moja.

Sasa nikuambie kinachonila moyo. Aliniuliza habari zako. Nikakufikiria ulivyotulia, na jinsi Baba Shikanga anavyokuheshimu. Nikawaona wazee wakidai kondoo wa kutakasa boma, na ndugu wawili wakitazamana kwa chuki. Mdomo wangu ukatangulia akili. Nilimwambia ulishafariki.

Hakulia. Alifunga nyundo na koleo kwenye gunia, akasema kwamba kama ni hivyo hana tena wa kumletea mkosi. Maiti hamwogopi maiti mwenzake. Anataka kuketi kidogo kwenye kaburi lako, hata kama ni kwa kupitia nyuma ya boma. Nilikwenda nyumbani nikashindwa kula. Leo asubuhi nilikimbia sokoni kumwambia ukweli, nikakuta majivu tu. Ameshaondoka, mama. Anakuja huko kwa miguu, na njiani husimama kufanya kazi, kwa hiyo Risper atamtangulia.

Ukiona mzee mwenye gunia anazunguka nyuma ya migomba akitazama chini, usipige mayowe. Anatafuta ulikozikwa. Ukitaka kumtokea, mtokee. Ukitaka kujifungia ndani mpaka aende zake, mimi nani nikulaumu? Lakini nakusihi, mpaka umwone, kaa karibu na uwanja, ili asije akamkuta Muhonja kwanza, akamuuliza mtoto mamake yuko kaburi gani.

Wasalimie wa nyumbani, wale unaoweza kuwasalimia bila uso kukusaliti. Mungu akushike mkono, nami unisamehe ukiweza.

Ni mimi bintiyo,
Navalayo